Mvushaji wa Mto Pelyuga

Ndugu jamaa, majirani wa zamani mliohama hapa na leo mmerudi, na ninyi wa ofisi ya wilaya ambao wengi wenu mmeuvuka mto huu kwa mara ya kwanza, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Naitwa Rodion, mume wa Zinaida, mkwe wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu mke wangu amejaribu jana na leo asubuhi akashindwa kuvuka mstari wa tatu. Nitasoma kama familia ilivyoandika, pamoja na sehemu moja ambayo wengine walishauri tuiache, lakini mwenyewe inayomhusu amesema isomwe, tena isomwe mbele ya watu wote, basi itasomwa.

Marehemu mama yetu, Kapitolina Feoktistovna Zyablikova, alizaliwa tarehe 9 Februari 1941 katika kijiji cha Kosmyrikha, kata ya Lyubavino, wilaya ya Shelekhta, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Feoktist, fundi wa magurudumu, na mama Melania. Baba yake alikwenda vitani vuli ya mwaka huohuo na hakurudi, wala hakuna aliyejua alilala wapi, na wale wawili wakubwa walifariki kwa njaa na homa kabla vita havijaisha, hivyo Kapitolina alikua akijiona mtoto wa kwanza, mwenye kuchota maji, kukata nyasi za ng'ombe na kumbeba mdogo wake, na mama Melania alikuwa akimwambia, "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, futa kamasi uje tupasue kuni."

Alianza shule mwaka 1948 katika shule ya msingi ya Kosmyrikha, ambayo ilikuwa chumba kimoja chenye jiko moja la matofali, kisha akaendelea katika shule ya bweni hapa Ostashikha, alikomaliza darasa la saba mwaka 1955. Somo alilolipenda ni jiografia. Wanaomkumbuka wanasimulia kwamba siku ya mtihani mwalimu alimtaka ataje mipaka ya wilaya yetu, naye akasimama wima akajibu, "Mashariki tumepakana na kinamasi, magharibi tumepakana na kinamasi, kaskazini msitu wenye kinamasi ndani yake, na kusini tumepakana na wilaya nyingine, ambayo yenyewe imepakana na kinamasi." Darasa lilicheka hadi mwalimu akapiga meza, lakini alama alipewa zote, kwa kuwa hakukosea hata kidogo. Wakati ule wilaya hii ambayo mtu anaweza kutembea siku nzima ndani yake asimkute mtu ilikuwa na watu zaidi ya elfu ishirini na vijiji kila penye kona ya mto, na leo, nyote mnajua, shule hiyo ya bweni haina paa, na miti imeota darasani.

Baada ya shule alikamua ng'ombe katika shamba la ushirika, na tarehe 2 Mei 1962, barafu ilipokwisha kwenda na maji, alikabidhiwa mashua ya kivuko hapa Ostashikha baada ya mzee aliyekuwa akivusha kuugua kifua. Watu walisema binti hawezi, mto ni mpana na una mkondo mbaya, na mwenyekiti wa shamba akamwambia wazi, "Utavusha wiki mbili, halafu utaomba urudi kwa ng'ombe." Alivusha miaka thelathini na moja. Alivusha wanafunzi, walevi, mabibi harusi, ndama, majeneza, makatibu wa chama waliotapika kwa hofu ya maji, na daktari aliyekuja kumzalisha yeye mwenyewe, ambaye alimvusha akiwa tayari ana uchungu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kushika makasia.

Sisi wa Pelyuga tunajua desturi ya mto huu, lakini naisema kwa ajili ya vijana na wageni, kwa sababu msiba huu umetokana nayo. Mtu akifika ng'ambo akitaka kuvuka, hapigi hodi wala hajitambulishi, anaita neno moja tu, "Mashuaaa!", akilivuta mpaka pumzi iishe, na mvushaji akisikia lazima aitike, "Nakujaaa!", hata kama anakula, hata kama ana hasira na anayeita, kwa maana mwito usioitikwa ulihesabiwa ni laana. Na siku za upepo, sauti isipofika, mvushaji alitoka nje akanyanyua mkono wake wa kulia juu kabisa, na yule wa ng'ambo akauona na kujua kwamba amesikika, anafuatwa, atulie. Mkono wa Kapitolina ulijulikana wilaya nzima. Hadi miaka hii ya karibuni ukimkuta mtu wa kwetu sokoni Shelekhta, hakusalimii kwa mdomo, ananyanyua mkono hivi, na wewe unajua huyu ametoka kando ya Pelyuga.

Alifunga ndoa na mzee wetu Averyan Zyablikov, dereva wa trekta, tarehe 16 Novemba 1963. Ndoa hiyo ililetwa na mashua, kwa sababu Averyan alikuwa akivuka asubuhi, akirudi mchana, akivuka tena jioni, hadi Kapitolina akachoka na siku moja katikati ya mto akaacha kupiga makasia, akamuuliza, "Wewe Averyan, kwani ng'ambo una nini, mbuzi wako amepotea?" Naye akajibu huku akitazama maji, "Ng'ambo sina kitu. Nilichonacho kiko humu humu kwenye mashua, sema kinanifokea." Walibarikiwa watoto wawili, Gennady aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1965, na Zinaida aliyezaliwa tarehe 21 Septemba 1968. Gennady alifariki tarehe 11 Machi 1998, alipoangukiwa na mti kwenye kazi ya kukata magogo, na mzee Averyan akamfuata tarehe 30 Agosti 2006 kwa maradhi ya moyo, na wote wawili wamelala hapa, na kaburi lililochimbwa leo liko katikati yao. Marehemu ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na wifi mmoja, Ustinya Prokhorovna, dada yake Averyan, ambaye yuko hapa mbele, amekaa kwenye benchi, na ambaye nitarudi kwake.

Lazima pia tuseme habari za mwaka 1974, bila hizo hamtamwelewa marehemu. Majira ya baridi ya mwaka ule walikuja wageni wawili Kosmyrikha, kijiji alichozaliwa, wenye mikoba na kofia nzuri, wakisema wanahesabu watu, na mama Melania, kwa furaha ya kutembelewa, akawaketisha karibu na jiko, akawapa chai na mikate ya uyoga, akawatajia kila mtu, hadi kichanga cha jirani kilichokuwa bado hakijapewa jina, akisema, "Andikeni, andikeni, tusije tukasahauliwa." Hawakusahauliwa. Masika yaliyofuata ilitangazwa kwamba Kosmyrikha ina watu wachache mno, haina mustakabali, duka likafungwa, umeme ukakatwa, na wazee wakapakiwa kwenye matrela ya trekta hadi Lyubavino, wakapewa vyumba ghorofa ya pili, na mama Melania, ambaye maisha yake yote alilala juu ya jiko la matofali apate joto, kama wazee wetu wote, aliishi pale kipupwe kimoja akipapasa ukuta na kuuliza, "Jiko liko wapi? Mmelificha wapi?" Alifariki Februari 1976. Kapitolina hakulia msibani, lakini tangu siku ile neno kuhesabiwa likawa neno baya nyumbani kwake. Alikuwa akisema, "Hata ng'ombe wa shamba tulikuwa tunawahesabu siku lori linapokuja kuwachukua."

Shamba la ushirika lilikufa mwaka 1993 na kivuko kikafutwa, yeye akabaki na mashua na kuendelea kuvusha bila mshahara, kwa kuwa watu hawakuacha kuita. Waliacha kidogo kidogo. Mmoja alifuata watoto mjini, mwingine akaenda makaburini, wa tatu akauza ng'ombe, akafunga mlango akaweka ufunguo chini ya jiwe kana kwamba anarudi kesho, na ufunguo huo uko pale mpaka leo. Kuanzia mwaka 2015 Ostashikha, kijiji kilichowahi kuwa na watu mia nne, kilibaki na mawifi wawili, Kapitolina nyumba ya huku juu na Ustinya nyumba ya kule kisimani, waliokuwa wakigombana kila siku kwa raha zao, Ustinya akisema, "Wifi, kabichi yako imechacha hadi mbwa amekimbia," na mwenzake akimjibu, "Mbwa alikimbia alipokusikia ukiimba." Zinaida alimsihi mama yake ahamie kwetu Yaroslavl, si mara moja. Jibu lilikuwa lilelile, "Ghorofa ya ngapi?" Tukimwambia ya sita, alicheka tu na kubadilisha mazungumzo.

Sasa vuli ya mwaka 2021. Karani wa sensa, binti mdogo, alifika ng'ambo siku ya mvua, na kwa kuwa hakuwa mtu wa mto huu hakuita mashua, aliita kama alivyofundishwa kwenye semina, "Jamani, kuna wakazi hapo? Kuna wakazi?" Marehemu alilisikia neno hilo, wakazi. Alifunga kifuniko cha dohani ili moshi usionekane, akamvuta wifi yake wakakaa chini kando ya jiko, akamwekea kidole mdomoni akamwambia, "Kimya, Ustinya. Wakituhesabu watatuhamisha." Binti wa watu aliita mpaka sauti ikamkauka. Ustinya anasema ndiyo siku pekee aliyomwona Kapitolina akilia kama mtoto, akijishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usinyanyuke, kwani kwa maisha yake yote hakuwahi kuacha mwito wa ng'ambo bila kuuitika. Walipatana siku ile kwamba atakayeita mashua ni mtu, ataitikwa, na atakayeuliza wakazi ni serikali, haitikwi.

Hivyo Ostashikha ikaandikwa haina mtu. Sifuri. Gari la mkate likaacha kuja ng'ambo, kwani mkate wa nani? Nguzo ya umeme ilipoanguka mwaka uliofuata hakuna aliyekuja kuisimamisha, na mheshimiwa mmoja, simtaji, alituandikia kwamba mahali pasipo na wakazi hapawezi kuwa na giza. Tuliwanunulia kibao cha umeme wa jua cha kuchajia simu, nacho ninyi mnajua jua la Oktoba la kwetu lilivyo. Marehemu aliyaona yote hayo, akajua yametokana na nini, na alipoambiwa na Zinaida kwenye simu aende Lyubavino akajiandikishe upya, alisema, "Nimechelewa, mwanangu. Sasa nikijitokeza watasema mimi ni mzuka."

Kuhusu ugonjwa na kifo chake. Siku ya Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, sikukuu ya kanisa ya Pokrov, theluji ya kwanza ikianguka, marehemu alikuwa akipanga kuni ukutani alipoanguka kwa kiharusi, upande wa kulia ukafa wote na ulimi ukafungwa. Ustinya, mwenye miaka sabini na saba na nyonga mbovu, alimburuta ndani juu ya blanketi, akamlaza, akamfunika, akawa anamlisha uji kwa kijiko. Simu ilikuwa imeisha chaji. Mto ulikuwa umeanza kushusha mabonge ya barafu, na mashua ile hata akiwa kijana asingeiweza peke yake. Alitundika shuka jeupe kwenye uzio upande wa mto, lakini ng'ambo hapakuwa na wa kuliona, tangu mkate ulipoacha kuja.

Jumapili Zinaida alipiga simu kama kawaida yake, haikupatikana. Jumatatu alipiga kwenye dawati la dharura, akajibiwa kwa upole, "Mama, Ostashikha haina watu." Akasema, "Ina mama yangu." Akaambiwa, "Hapa kwenye mfumo naona sifuri, nimtume nani kwa sifuri?" Tulifunga safari siku hiyohiyo, na ninyi mlioijua barabara yetu wakati wa matope hamtashangaa kwamba ilituchukua siku nyingi kuliko ambavyo mama alikuwa nazo. Jumanne tarehe 17, tabibu wa zahanati ya Lyubavino, Evelina Markovna, mgeni aliyepangiwa kwetu mwezi mmoja kabla, baada ya kupigiwa simu na Zinaida na kumsikia analia, alichukua gari na dereva bila kuamriwa na mtu, akapita matopeni hadi ukingoni, akaona mabonge ya barafu, akaona mashua iko upande wa huku, na shuka, kwa theluji iliyokuwa ikianguka, hakuliona. Akachukua kipaza sauti cha gari. Hakuna aliyemfundisha neno la mto huu. Akaita, "Kuna wakazi hapo? Kuna wakazi?"

Hapa ndipo tuliposhauriwa tuparuke, na haturuki.

Ustinya alikuwa ameketi kitandani kwa wifi yake. Alisikia. Anasema alisimama kwenda mlangoni, kisha neno lile likamfikia sawasawa, wakazi, akageuka kumtazama Kapitolina amwambie la kufanya, kama alivyozoea kumtazama maisha yake yote, na Kapitolina alikuwa amefumbua macho, midomo inatikisika, na mkono wa kushoto umenyanyuka juu ya blanketi, kidole kimesimama. Ustinya alijua maana yake. Maana yake ni kimya, wifi, watatuhamisha. Akaenda akafunga kifuniko cha dohani, akarudi akaushika mkono ule akaubusu, akaushusha, akamnong'oneza, "Usiogope, sisemi kitu. Hawatupati." Mkono ukanyanyuka tena. Akaushusha tena. Evelina Markovna aliita mpaka dereva akamwambia hapa hamna mtu, dohani haitoi hata moshi, mabibi hawa watakuwa walichukuliwa na ndugu zao, naye akarudi Lyubavino.

Kapitolina Feoktistovna alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 19 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, nyumbani kwake, akiwa amelaza kichwa mapajani kwa wifi yake. Tulifika kesho yake kwa mashua ya wawindaji. Zinaida alimweleza shangazi yake kwamba aliyeita Jumanne alikuwa tabibu, akamwomba amsimulie jinsi ilivyokuwa, na aliposikia habari ya ule mkono alikaa chini sakafuni. Kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa umekufa, ndugu zangu. Alinyanyua aliobaki nao. Mama hakuwa anasema kimya. Mama alikuwa anaitika.

Familia inapenda yafuatayo yajulikane. Hatumlaumu Ustinya Prokhorovna. Alitii neno walilopatana, na hakuna aliyempenda marehemu kuliko yeye. Anayetaka kumnyooshea kidole aanze na sisi tuliokaa ghorofa ya sita. Hatumlaumu Evelina Markovna, ambaye naye yupo hapa na tangu asubuhi hajainua uso, ni yeye peke yake aliyekuja. Cheti cha kifo kimeandikwa kwamba marehemu alifia Lyubavino, kwa kuwa, tumeambiwa, mtu hawezi kufia mahali pasipo na wakazi, na hilo tunawaachia wenyewe walioliandika. Lakini kwa kuwa ofisi ya wilaya imekuja na kalamu inazo, tunasema mbele ya mashahidi wote hawa, Ostashikha ina mkazi. Ni mmoja. Huyu hapa, kwenye benchi.

Tunawashukuru wawindaji waliotupa mashua, vijana wa Lyubavino waliochimba kaburi kwenye ardhi iliyoanza kuganda, padri aliyevuka akiwa na homa, kina mama waliopika uji wa ngano na asali unaotusubiri ndani, na ninyi nyote mliokuwa abiria wa marehemu, ambao kama mngeita wote kwa pamoja leo, sijui mto huu ungesikika hadi wapi.

Shangazi Ustinya, jana tumekubembeleza twende wote, umekataa, umesema mtu aliyemnyamazisha wifi yake hastahili jiko la watu wengine. Hatuna nguvu ya kukubeba, na hatuthubutu kukuhamisha. Barafu inaziba siku chache zijazo, na mpaka itakapokuwa ngumu ya kukanyagika hakuna atakayeweza kukufikia, nasi hatujui tutakukuta vipi. Tunakuomba kitu kimoja tu. Tukishavuka, Zinaida atasimama ng'ambo na kuita, kwa neno letu, si neno lao. Tafadhali itika, shangazi. Sauti ikikataa, nyanyua mkono wowote ulio mzima, na safari hii tutauelewa, mashua itageuka kukufuata.

Na wewe mama, umevusha watu wote hawa, leo umevushwa wewe. Pumzika kwa amani. Tulikuona ulipoitika.